Goti la Nesi Lamtia Fundi Baiskeli Majaribuni

Nesi anaingia kibarazani akiisukuma baiskeli. Haiendeshi, anaisukuma. Ni Alhamisi asubuhi, mabati bado yanadondosha umande, na hii ni mara ya tatu katika majuma matatu analeta lalamiko lilelile.

"Goti," anasema, salamu haijamaliza kujibiwa. "Hapa nyuma. Na kiuno nacho. Nikishuka kwenye hiki kitu natembea kama bata aliyemeza jiwe."

Fundi, anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Futi, hana haraka ya kujibu. Anaiegemeza baiskeli kwenye benchi, anavuta mkanda wa kupimia unaoning'inia shingoni mwake, anapima kutoka katikati ya krenki, pale pedali zinapozungukia, hadi juu ya siti. Anafungua daftari lake la jalada gumu. Anapima tena. Sentimita sabini na nusu, kama alivyoandika siku ya kwanza.

"Haijasogea hata unywele, sista."

"Kwa hiyo goti langu ndilo limesogea?"

Kwenye meza ya jirani fundi saa anachekea puani, jicho lake moja likiwa bado ndani ya lenzi. Wanagawana kibaraza hicho kwa mwaka wa nne sasa, na hakuna neno linalopita hapo bila yeye kulipima uzito.

Futi anamwomba nesi apande, baiskeli ikiwa imebanwa kwenye benchi. Nesi, ndani ya viatu vyake vyeupe vya kazi, anazungusha pedali kinyumenyume. Nyonga zimetulia. Pedali ikifika chini goti linabaki limekunjika kidogo tu, kama inavyotakiwa. Futi anateremsha uzi wenye kifungo cha koti kutoka mbele ya goti. Kifungo kinasimama juu ya ekseli ya pedali, kimenyooka kama timazi ya mwashi.

Kila kitu kiko mahali pake, na fundi anaonekana kukasirika zaidi kuliko kama angekuta kosa.

"Mtu akikuambia anaumwa, nawe ukitazama unaona pote pamenyooka, unabaki na mambo mawili," anasema baada ya nesi kuondoka. "Ama macho yako yanakudanganya, ama yeye. Na macho yangu nayaamini."

Kabla nesi hajaondoka, hata hivyo, Futi alifanya jambo ambalo nesi hakuliona. Alijifanya kufuta vumbi kwenye nguzo ya siti, kumbe anazungusha uzi mweusi pale nguzo inapoingia kwenye fremu, akaufunga kwa fundo la fundi cherehani. Mtu yeyote akiishusha siti au kuipandisha, uzi utakatika.

"Tutajua," alimwambia fundi saa kwa sauti ya chini. "Aliyeigusa atajitaja mwenyewe."

Futi ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa alishona suruali, hadi mgongo ulipokataa kuinama juu ya cherehani. Alinunua baiskeli kuukuu ili asiwe anabanana kwenye magari, nayo ikamuumiza kuliko cherehani. Siku moja kwa hasira akaanza kuirekebisha kama anavyorekebisha koti lililombana mteja: hapa akapunguza, pale akaongeza, akapanda, akashuka, akapima tena.

Juma la pili aliendesha hadi sokoni na kurudi bila kushika kiuno. Jirani akaomba atengenezewe na yeye. Mwingine akafuata. Cherehani sasa imefunikwa kwa shuka nyumbani, na mkewe huweka ndoo juu yake.

Baiskeli anazozipenda ni zile ambazo mafundi wanaziita chotara, kama mbegu ya mahindi au ng'ombe wa maziwa. Tairi zake ni nyembamba kuliko za kupandia milima na nene kuliko za mashindano. Usukani umenyooka, giya zipo za kutosha, na nyuma pana keria. Ni baiskeli ya mtu anayekwenda kazini na kurudi.

"Watu wananunua chotara kwa sababu wameambiwa ni ya starehe," anasema. "Starehe hainunuliwi pamoja na baiskeli. Koti la dukani hata liwe la bei mbaya vipi, mabega yale si yako. Mpaka likutane na sindano."

Kwake sindano ni spana. Huongeza pete chini ya shina la usukani ili mwendeshaji asiinamie mbele kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Hubadili siti ngumu kwa pana, lakini si laini mno, kwa sababu siti laini, anasema, "inakukumbatia asubuhi, jioni inakukaba." Husogeza vishikio vya breki hadi vidole vivifikie bila kunyoosha mkono. Hupunguza upepo wa tairi kulingana na uzito wa mtu na mzigo wake.

Wateja wa kike hujipima urefu wa mguu wenyewe nyuma ya pazia, wakiwa na rula ya mbao na mkanda. Wakitoka wanamwonyesha kwa kidole pale namba ilipofika. Futi huitazama namba tu. Ni adabu aliyotoka nayo kwenye ushonaji, na mkewe huwa anamkumbusha kila akiona kuna haja, na hata akiona hakuna.

Juma zuri hupata baiskeli nne au tano, juma baya moja na viraka vya pancha. Kupima na kurekebisha baiskeli nzima humpa sawa na alichokuwa akipata kwa suruali mbili, na kodi ya kibaraza inameza theluthi ya pato lake.

Ndiyo maana baiskeli ya nesi si baiskeli ya kawaida kwake.

Zahanati iliyo upande wa pili wa daraja imenunua chotara kumi na mbili kwa ajili ya manesi wanaotembelea wagonjwa majumbani. Kila nesi huendesha kilomita kumi na tano hadi ishirini kwa siku, akiwa na mkoba wa dawa nyuma. Metroni, mkuu wa manesi hao na mama wa maneno machache, alimpa Futi baiskeli moja tu kwanza, ya majaribio, na manesi wengine wakabaki na baiskeli zao za zamani.

"Aliniambia, mwezi ukiisha nesi huyu akisema hana maumivu, kumi na moja zilizobaki ni zako," Futi anakumbuka. "Akisema anaumwa, wanazifunga wenyewe wa dukani."

Wa dukani ni mfanyabiashara aliyeziuza baiskeli hizo. Ameahidi kuzifunga bure, siti zote kimo kimoja, asubuhi moja na kazi imekwisha.

Na kuna la zaidi. Mwenye nyumba ametangaza kwamba kibaraza kitageuzwa stoo ya makreti mwezi ujao. Fundi saa tayari ana dada mwenye duka atakayempa kona. Futi hana. Akipata kazi ya zahanati ataweza kuchukua chumba kizima nyuma ya jengo hilohilo. Akiikosa, itabidi aondoe ndoo juu ya cherehani, na mgongo wake anaujua.

Siku ya hukumu ilikuwa Jumatano iliyofuata. Tangu Alhamisi zilibaki siku sita.

Mja ana macho mawili ya kuonea, ila ya kudhania anayo mia. Siku zile kibaraza kilijaa dhana kuliko baiskeli.

"Huyo katumwa," fundi saa alisema Ijumaa, akipuliza vumbi kwenye tumbo la saa. "Nakuambia ukweli. Wa dukani kampa kitu. Kila juma analeta goti, lakini kovu hana, uvimbe hana, hachechemei. Goti gani hilo linauma likifika kwako tu?"

"Nesi anaweza kuuza jina lake kwa kitu kidogo hivyo?"

"Kaka, mimi natengeneza saa. Nimeona hadi mashehe na wachungaji wanapenda saa zao ziende mbele kidogo."

Futi alicheka, lakini neno lilikwisha kuingia. Akaanza kuhesabu aliyoyaona. Mara zote tatu nesi alifika akisukuma. Kwa nini mtu mwenye baiskeli nzima, yenye upepo, aje kwa miguu? Na mbona hatoki jasho? Na mbona viatu vyake havina hata tone la tope, wakati njia za ng'ambo ya daraja zinafahamika?

"Nikaona, huyu haendeshi kabisa," anasema. "Anaiweka uvunguni, siku ya kuja kwangu anaitoa, anaisukuma, anasema goti. Mungu anisamehe. Nilimhukumu mtoto wa watu nikiwa nimekaa."

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Mkewe, ambaye huuza mkaa kwa makopo mlangoni pao na hujua nani kapika nini, alikuwa na hesabu yake.

"Nesi huyo karudi tena?" alimuuliza Jumamosi jioni, wakati akimwekea maji ya kunawa.

"Karudi."

"Goti?"

"Goti."

"Lilelile?"

"Mama watoto, ana magoti mawili tu."

"Baba watoto, mimi nina mawili pia, na yananiuma tangu mtoto wa tatu. Sijaona mtu akiniteremshia uzi wenye kifungo."

Futi anasema alinawa kimya. Mkewe anasema ukimya huo ndio uliomtosha. "Mwanamume asiye na hatia hujitetea. Akinyamaza, jiulize," anaeleza bila aibu yoyote, akipanga makopo yake. "Niliomba usiku ule. Nikamwambia Mola, kama ni dhambi yangu ya wivu niondolee, kama ni dhambi yao nionyeshe. Asubuhi nikaona nisikae tu kusubiri, nikasaidie kuangalia."

Jumatatu ilikuwa siku ambayo nesi alitakiwa kurudi. Mama huyo akamwachia binti yake mkaa, akajifunga kanga ya pili kichwani, akaenda kusimama kwenye kona iliyo hatua themanini kutoka kibarazani, nyuma ya lundo la matofali ya mtu anayejenga kwa miaka.

Alichokiona hapo anakieleza kwa mikono yote miwili.

Nesi alitokea kwa mbali akiendesha. Ndiyo, akiendesha, tena kwa kasi, ila akiyumba kiuno huku na huku kama anayekamua nguo kwa makalio, na kila pedali ikishuka anaifuata kwa ncha ya vidole. Alipofika kwenye matofali akashuka, akakunja uso, akasugua nyuma ya goti. Kisha akatazama kulia na kushoto.

"Kutazama kule," mama anasema. "Mimi ndiyo nikajua leo nimepata."

Nesi alikaa juu ya tofali, akafungua mkoba uliokuwa kwenye keria, akatoa viatu vyeupe vilivyofungwa ndani ya mfuko. Akapangusa miguu kwa kitambaa, akavivaa, akafunga kamba vizuri, akajitazama. Akavificha vile alivyovua. Akashika usukani na kuanza kusukuma kuelekea kibarazani, uso ukiwa umetulia kama hakuna kilichotokea.

Mama alimwacha atangulie. Alifika nyuma yake wakati Futi amechuchumaa akiukagua uzi wake mweusi.

Uzi ulikuwa mzima. Fundo lilikuwa lilelile. Hakuna aliyeigusa siti.

Futi aliinuka polepole. Anasema alikuwa tayari na maneno mdomoni, maneno ambayo leo anashukuru hayakutoka. Hayakutoka kwa sababu mkewe aliwahi.

"Shikamooni wote," alisema mama kwa sauti ambayo haikuwa ya shikamoo. "Nina swali moja tu, nami nitaondoka. Sista, mwanamke anayekuja kwa fundi kurekebishiwa baiskeli, anajipambia nini kwenye kona kabla ya kuingia?"

Fundi saa aliitoa lenzi jichoni. Wanaomfahamu wanasema hilo halijawahi kutokea saa za kazi.

"Kujipamba?" nesi alisema.

"Nimekuona kwa macho haya. Umekaa pale kwa matofali, umevua, umefuta miguu, umevaa viatu vizuri, umejitazama. Kwa nani? Kwa huyu? Huyu mwenye suruali niliyoitia kiraka mwenyewe?"

Nesi alijaa machozi, na si ya mtu aliyeshikwa. Yalikuwa ya aibu ya aina nyingine. Lakini kabla hajasema lolote, Futi aliinua mkono.

"Amevua nini?"

"Nini tena?"

"Mama watoto, nakuuliza. Amevua nini kabla ya kuvaa hivyo?"

"Kandambili. Tena zimeisha, unaona jua upande wa pili."

Futi alikaa kwenye benchi lake. Waliokuwepo wanasema alikaa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Kisha akasema, "Sista, tafadhali, nionyeshe."

Nesi akafungua mfuko. Kandambili za bluu, nyembamba kama mkate wa juzi, mbele zimekatwa meno na pedali. Futi akaziweka kando ya viatu vyeupe na kupima soli zote mbili. Kandambili, sentimita moja. Viatu, nne.

Kwa msomaji asiyejua kazi hii, kosa lilikuwa hivi. Kimo cha siti hutokana na urefu wa mguu. Futi alimwagiza nesi ajipime akiwa na viatu vyake vya kazi, kwa kuwa ndivyo anavyopima fundi wa suruali: mteja husimama ndani ya kiatu atakachovaa na suruali hiyo, la sivyo itaburuza. Mafundi wengine wa baiskeli hupima mtu akiwa peku. Yeye hakufundishwa na fundi wa baiskeli yeyote. Alifundishwa na nguo.

Nesi akiwa kwenye benchi na viatu vyake, siti ilikuwa sahihi. Njiani, akiwa na kandambili, ilikuwa juu kwa sentimita tatu. Kila mzunguko wa pedali alilazimika kuutafuta kwa vidole, nyonga zikiyumba kufuata, goti likinyooka kupita kiasi. Kilomita kumi na nane kwa siku, kwa majuma matatu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Futi anasema. "Nilimshuku nesi, nikamshuku wa dukani, nikafunga na uzi wa kumtega mwizi wa kimo. Mwizi nilikuwa mimi na mkanda wangu."

Nesi naye alieleza. Viatu vyeupe hupewa jozi moja kwa mwaka, na ukaguzi hufanyika kila Ijumaa. Kiatu kichafu kinaandikwa. Vumbi na tope la ng'ambo ya daraja halitoki kwenye ngozi nyeupe. Basi yeye huendesha na kandambili, na karibu na kila nyumba ya mgonjwa hushuka, huvaa viatu, na kusukuma hatua za mwisho.

"Mgonjwa akimwona nesi kaja na kandambili, hata dawa anaitilia shaka," alisema. "Na taratibu zinasema tukiwa kazini tuvae viatu muda wote. Ningekwambia, fundi, ungemwambia metroni."

"Na mimi ningeambiwa na nani kwamba hunitakii mabaya?" Futi akamjibu.

Mke wa fundi alisogea karibu. Alimtazama nesi kuanzia utosini hadi soli, akavuta pumzi.

"Basi keti, mwanangu," alisema. "Nikakuletee maji. Lakini ungejipamba, ningekuona tu."

Siti ilishushwa hadi sentimita sitini na saba na nusu. Safari hii nesi alipanda na kandambili zake. Futi akaisogeza siti mbele kidogo, akateremsha uzi wa kifungo, akamwambia azunguke hadi kwenye matofali na kurudi. Alirudi akiendesha hadi mlangoni. Hakushuka mara moja. Alizunguka tena bila kuambiwa.

Kosa likawa limepatikana. Lakini Jumatano ilikuwa palepale, na sasa Futi alikuwa na mzigo mpya.

Ili amweleze metroni kwa nini nesi aliumia majuma matatu, ilimbidi amtaje nesi kwamba huvunja taratibu. Akinyamaza, itabidi ajivike yeye lawama yote, mbele ya mwenye duka anayesubiri kusikia neno hilohilo.

"Sikulala vizuri," anakiri. "Mke wangu akaniambia, ukweli sema, lakini wako. Wa mwenzio mwachie mwenyewe."

Uani mwa zahanati, Jumatano saa nne asubuhi, baiskeli kumi na moja zilikuwa zimesimama chini ya paa la bati, vishikio vikiwa bado vimefungwa karatasi ngumu. Manesi walisimama kwa mstari. Mwenye duka alikuwepo, shati jeupe, tabasamu tayari.

"Fundi," alisema metroni. "Nesi wangu aliumia au hakuumia?"

"Aliumia, mama. Nilikosea kipimo. Kosa ni langu, nimelirekebisha juzi."

"Mmesikia wenyewe," alisema mwenye duka, akimgeukia metroni kwa upole. "Mtu anakosea moja. Kumi na moja je?"

Metroni hakumtazama. Alikuwa anamtazama nesi, na kutazama kwake hakukuwa kwa huruma.

Nesi aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Metroni, fundi hakukosea peke yake. Alinipima na viatu. Mimi naendesha na kandambili. Sikumwambia, na sikukwambia wewe."

Metroni alisogea hadi akawa uso kwa uso na binti huyo.

"Unajua nimekuwa nikiwaza nini juu yako mwezi huu mzima?"

"Sijui, metroni."

"Viatu vyako ndivyo visafi kuliko vyote katika kituo hiki. Kila jioni unasaini kwamba umetembelea wagonjwa saba. Nikajiuliza, huyu anaruka? Au anakaa kwa mtu, anajaza karatasi? Jumatatu ijayo nilikuwa nakwenda nyumba kwa nyumba kuuliza wagonjwa wako kama wanakufahamu sura. Barua yako ya kusimamishwa nimeshaiandika, imebaki tarehe."

Nesi alifungua mkoba, akatoa kandambili za bluu, akazigeuza. Meno ya pedali yalikuwa yamekula hadi karibu kutoboa. Metroni alipitisha kidole pale, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo.

Kisha akawageukia wengine. "Na nyinyi? Toeni. Nataka kuona kila mmoja anaendeshea nini. Leo siandiki mtu."

Ilichukua muda. Kisha mikoba ikaanza kufunguka. Zikatoka kandambili, raba zilizokatwa visigino, ndala za plastiki. Nesi mmoja mzee, mnene, alitoa buti za marehemu mumewe, akazishika kifuani na kusema hazijamtupa bado. Kati ya kumi na moja, ni wawili tu walioendesha na viatu vyeupe, na hao viatu vyao vilikuwa na rangi ya chai.

Wa kwanza kucheka alikuwa nesi mzee wa buti. Metroni hakucheka, ila mdomo wake ulipata shida kidogo.

"Wewe," alimwambia mwenye duka, "ungezifunga zote kimo gani?"

Mwenye duka alianza kueleza juu ya kimo cha kiwandani. Hakumaliza.

Uamuzi ulitoka palepale. Futi atafunga baiskeli zote kumi na moja, mbili kwa siku, uani hapohapo, metroni akiona kupitia dirisha la ofisi yake. Kila nesi atapimwa na kile anachoendeshea kweli. Kwa mgonjwa wataingia na viatu vyeupe. Njiani, metroni alisema, yeye hana macho. Barua aliichana mbele ya nesi. Hata hivyo ametangaza kwamba kuanzia sasa atawauliza wagonjwa, si nesi huyu tu, wote. "Kuamini ni kuzuri," alisema. "Kuuliza hakudhuru."

Ilipoandikwa makala hii, baiskeli nane zilikuwa zimekwisha. Nesi wa goti anasema maumivu yalimwacha siku ya tano. Fundi saa amehamia kwa dada yake, lakini hupita kila asubuhi, na bado anasisitiza kwamba wa dukani alikuwa na mpango, ila haukuwahi.

Futi amelipia chumba cha nyuma kwa miezi mitatu. Anataka kuweka dirisha linaloelekea barabarani, si kwa ajili ya hewa. "Nataka nimwone mteja akiwa njiani, kabla hajajua ninamtazama," anasema. "Mtu akishafika kwangu amekwishajinyoosha. Mimi nataka kumpima jinsi anavyokuja."

Tumaini lake ni zahanati nyingine mbili ambazo metroni amezipelekea habari. Zikikubali, ni baiskeli thelathini, nyingi za wanawake, na kazi hiyo haiwezi peke yake. Amepata msaidizi. Tayari anajua kusoma mkanda, kuteremsha uzi, na kumtambua kwa mbali anayeendesha kwa vidole.

"Ana jicho kali kuliko langu," fundi anasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Mkewe hainui kichwa. Amechuchumaa kando ya baiskeli ya nesi wa tisa, mkanda shingoni, penseli kwenye kilemba.

"Nilimpa sharti moja tu," anasema. "Yeye apime baiskeli. Manesi nitawapima mimi."